Kopo Kwenye Kizingiti

Ile dawa nyeusi ya chooni, inayogeuka nyeupe kama maziwa ukiimwaga kwenye maji, ina harufu ileile popote ninapokwenda. Nilikutana nayo utotoni katika kambi ya mgodi kule Katanga, nikakutana nayo tena uzeeni hapa Johannesburg, kwenye vyoo vya mahali ambapo watu wanakuja kuteleza juu ya theluji isiyokuwepo. Ninyi mliokua wakati wetu mnaijua. Inaingia puani, inashuka kooni, na hata ukiosha mikono kwa sabuni inabaki chini ya kucha hadi kesho yake.

Niwaeleze kwanza mahali penyewe, maana hata binti yangu, ambaye naishi kwake Rosettenville, alidhani nimeanza kuchanganyikiwa nilipomsimulia. Upande wa kaskazini wa jiji, kwenye mitaa ya kuta ndefu, kuna mtu alijenga kilima cha vyuma na mbao. Akakitandika zulia jeupe lenye manyoya ya plastiki, na pampu ikawa inalirushia maji siku nzima ili liteleze. Watu wanavaa viatu vigumu kama ndoo, vinavyokaribia goti, wanajifunga mbao ndefu miguuni, kisha wanashuka. Theluji hakuna hata punje. Wanasema wanajizoeza kwa ajili ya safari ya milimani, huko ambako theluji ni ya kweli. Mimi kazi yangu ilikuwa vyoo.

Vyoo vya mahali pa kuteleza si kama vyoo vingine. Kila anayekuja amechelewa. Alikuwa juu ya kilima, maji ya baridi yamemlowesha, akawa anajizuia kwa sababu kuzivua zile mbao ni kazi, kufungua viatu ni kazi, na vazi lenyewe ni kipande kimoja kutoka shingoni mpaka kifundo cha mguu. Akishindwa kabisa ndipo anakuja, anatembea kama bata, soli ngumu zinagonga sakafu, ko, ko, ko. Nimeona watoto wakilia mlangoni na zipu imekwama. Nimemwona baba wa watu, mtu mzito ambaye siku za kazi bila shaka anavaa tai, amepiga magoti kwenye maji ya sakafuni akivuta zipu ya mwanawe kwa meno.

Tena mbele ya milango miwili, wa wanaume na wa wanawake, waliweka benchi refu. Hapo wazazi walikaa kuwafungulia watoto viatu. Huwezi kuingia chooni wala kutoka bila kupita mbele ya magoti ya waliokaa, kama mtu anayekaguliwa. Sijui nani aliyepanga hivyo. Nilijisemea tu kwamba alikuwa mtu asiye na mkwe.

Mkubwa wetu wa usafi alikuwa mama mmoja Mzulu, jina lake Nomsa, mcheshi lakini mkali kwa kazi. Tulizungumza Kiingereza cha kuungaunga, tukichanganya na Kizulu changu kibovu. Siku yangu ya kwanza alinionyesha wale watu wakibingirika chini ya kilima.

"Waone, madala," akasema. Huku kwao ndivyo mzee anavyoitwa. "Wanalipa ili waanguke. Kwetu ukianguka tunakucheka bure."

Nilicheka. Lakini alipofungua chupa ya dawa na kuimimina kwenye ndoo, kicheko kilinikatikia mdomoni. Nilikuwa mzee mwenye mvi nimeshika fagio, na wakati huohuo nilikuwa mtoto mwenye pengo la meno ya mbele, amesimama kwenye njia ya saruji, ana kazi ambayo ataiharibu.

Kambi yetu ilikuwa safu za nyumba za matofali mekundu, zote sawa, chumba kimoja na pazia katikati. Vyoo vilijengwa pamoja mwisho wa kila safu. Tuliviita kabine. Kulikuwa na njia moja tu ya saruji ya kwenda huko, nayo ilipita mbele ya milango ya nyumba zote. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho, mlango ukitazamana kabisa na kabine. Baba alisema tumebahatika, maana wakati wa mvua hatuloi. Kila asubuhi mtu wa usafi alipita akimwaga dawa nyeusi, na mpaka leo, nikiambiwa niwaze asubuhi, nawaza harufu ile pamoja na moshi wa makaa.

Mama alipojifungua dada yangu, Kambo alikuja. Kambo ni jina tunalowaita bibi na babu kule kwetu, na huyu alikuwa mama yake Mama. Ndiyo desturi: mwanamke akizaa, mama yake anakuja kumkanda kwa maji ya moto, kumpikia uji, kumwogesha mtoto mpaka shingo yake ikaze. Alishuka kwenye treni na kikapu cha mihogo mikavu na kuku aliyefungwa miguu, akaingia nyumbani kwa mkwe wake.

Wasomaji wengine mtahitaji kuelezwa jambo hili. Kwetu, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawapeani mikono, na wakilazimika kusemezana wanapitisha maneno kwa mtoto. Zaidi ya yote, mwanamume asimwone mama mkwe wake akienda haja wala akitoka haja. Kijijini jambo hilo halina taabu, maana nyumba zimeachana na pori ni kubwa. Kambini kulikuwa na mlango mmoja na njia moja, na Baba alifanya kazi kwa zamu, leo asubuhi, wiki ijayo mchana, hujui anarudi lini.

Ndipo Mama akabuni kopo. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, limekwisha kubabuka rangi, akaliweka kwenye kizingiti cha mlango. Aliniita akiwa bado amelala na mtoto kifuani.

"Sikia, weye mutoto. Kopo likilala kifudifudi, Kambo eko ndani, ao eko njiani. Baba yako asikaribie. Likisimama wima, Kambo eko kwa Mama Feza. Baba aingie apumzike. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema."

Nilirudia yote, pamoja na jina la Mama Feza, jirani yetu. Akaniambia nisiwe nacheza mbali, maana mimi ndiye macho yao.

Nilifanya kazi ile kwa fahari kubwa, lakini niliielewa vibaya. Hakuna aliyeniambia habari za heshima. Mimi niliona kwa macho yangu kwamba Baba na Kambo ni maadui. Baba akitoka kazini alisimama mbali, pale kwenye bomba, ananyoosha shingo kulitazama kopo. Akiliona limelala, alizunguka nyuma ya nyumba akakaa juu ya jiwe, kofia ya kazi mapajani, vumbi jeupe bado kwenye kope, na njaa yake. Nilimpelekea sahani ya bukari, ugali wa kwetu, hukohuko. Na Kambo, akisikia tu kikohozi cha mwanamume njiani, alijifunika kitenge usoni na kurudi nyuma ya pazia. Nilidhani wamewahi kugombana ugomvi wa kumwaga damu. Nilidhani bila kopo langu watauana.

Wakati mwingine Baba aliniuliza kwa sauti ya chini, "Ule mama anakula muzuri?"

"Anakula."

"Analala?"

"Analala."

Nilidhani anapeleleza.

Kambo naye aliacha kunywa maji. Hilo nililiona na sikulielewa. Nilimletea kikombe, akasema, "Weka hapo, nitakunywa," na baadaye nikakuta maji yaleyale ameyalowekea vitambaa vya mtoto. Midomo yake ilipasuka. Nilidhani wazee hawasikii kiu. Mchana wa joto alikaa nyuma ya pazia, mtoto mapajani, mikono miwili imeshika fundo la kitenge kiunoni, anayumba mbele na nyuma, mbele na nyuma. Nilidhani anambembeleza mtoto. Lakini mara nyingi mtoto alikuwa amekwisha lala. Alikuwa anajibembeleza mwenyewe.

Kazi yangu ya pili ilikuwa kumpa ishara. Nikiona njia ni nyeupe, Baba hayuko na marafiki zake hawako, nilikwenda kwenye kidirisha cha nyuma na kusema, "Kambo, jua limetoka." Hata kama mawingu yamejaa, tulisema hivyo. Alitoka haraka, ameinama kidogo, akaenda. Mimi nilibaki njiani nikilinda.

Alipokuwa akirudi ndipo aliponiumiza. Wakati mwingine wote huyu Kambo alikuwa akiniita mume wangu, ananitania kwamba pengo langu limepoteza mahari, ananibandulia ukoko wa bukari chini ya sufuria na kunipa mimi peke yangu. Lakini akitoka kabine alinipita kama nguzo. Hanitazami. Hasemi asante wala neno. Anapita huku macho yake yametazama mbele, kana kwamba hakuna mtoto aliyesimama kwenye jua kwa ajili yake tangu asubuhi.

Mtoto wa jirani, Ilunga, aliligundua hilo kabla yangu.

"Askari wa kabine!" alinizomea mbele ya wenzake. "Unalinda mavi ya bibi yako, na hata kukuona hakuoni!"

"Ananiona."

"Basi mwambie akusalimie tuone."

Siku hiyohiyo, Kambo alipokuwa akirudi, nilijisogeza katikati ya njia mbele ya watoto wote na kusema kwa sauti, "Kambo, jambo." Akanikwepa, akapita. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini.

Kesho yake Mama alimbeba mtoto kwenda kumpimisha uzito zahanati. Kambo alikuwa kwa Mama Feza, kopo limesimama wima. Baadaye Mama Feza alitaka kwenda sokoni, kwa hiyo Kambo akarudi nyumbani. Aliingia, akanisemesha kutoka nyuma ya pazia.

"Mume wangu, umelilaza kopo?"

"Ndiyo, Kambo."

Lilikuwa limesimama. Nililitazama nikijibu. Ningependa kuwaambia kwamba nilisahau, na kwa miaka mingi nilijaribu kukumbuka hivyo, lakini sikusahau. Nilikuwa na hasira naye. Tena nilikuwa nimechoka na ugomvi wao. Nilitaka Baba arudi, aingie, waonane uso kwa uso, wapigane kama ni kupigana, yaishe, nami nikacheze kama watoto wengine. Nikaondoka na Ilunga kwenda kuangalia mabehewa yakimwaga mawe. Tulikaa huko mpaka kivuli cha mlima wa taka za mgodi kikafika kwenye reli.

Niliporudi nilimwona Baba kwa mbali. Ameketi kwenye kizingiti, mgongo umeegemea mwimo wa mlango, anacheza karata na rafiki yake wa kazini. Kopo liko ubavuni pake, wima, jinsi nilivyoliacha. Alikuwa anacheka. Nilifurahi sana. Nikajisemea wamepatana. Nikaanza kurukaruka kwenda kwao.

Nilipokaribia nilisikia kikohozi kutoka ndani. Kikohozi kidogo, kikavu. Kikanyamaza, kikaja tena. Baba alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga mawe na masikio yake yalikuwa yamekwisha haribika. Kumwita kutoka nyuma ilikuwa lazima umguse bega. Hakusikia. Rafiki yake aliinua macho kidogo kutazama pazia, akayarudisha kwenye karata zake. Sijui Kambo alikuwa amekohoa hivyo tangu lini. Kidirisha cha nyuma hakikuweza kupitisha mtu mzima. Kutumia ndoo ndani ya nyumba ya mkwe ilikuwa aibu kubwa zaidi. Kumwambia mkwe asogee, hilo hata halikuwa na maneno ya kulisemea.

Ndipo nikaona maji. Yalitoka chini ya pazia, mstari mwembamba mweusi juu ya saruji, yanakuja polepole, yanasimama kidogo, yanakuja tena. Yalifika kizingitini. Yakaigusa karata iliyokuwa imelala chini, kisha yakaufikia mguu wa suruali ya Baba.

Baba alitazama chini.

Nilingoja apige kelele. Hakupiga. Hakugeuza kichwa nyuma, hata kidogo. Aliziweka karata zake chini taratibu, akasimama mgongo wake ukiwa kwa nyumba, akamshika rafiki yake mkono wa shati. "Twende," alimwambia. Kisha akainama, uso bado umetazama njia, mkono wake ukapapasa nyuma mpaka ukalipata kopo. Akaligeuza mdomo chini. Aliliweka kama mtu anayeweka yai. Wakaondoka. Aliponipita alinitazama mara moja, mara moja tu, na katika maisha yake yote yaliyobaki hakusema kitu juu ya siku ile.

Nilisogea mpaka kwenye pazia. Nilisikia kitambaa kikisugua sakafu.

"Kambo?"

"Usiingie, mume wangu," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha. "Jua halijatoka."

Mama aliporudi na kuona, alikaa chini na mtoto mgongoni akashika kichwa. Jirani mmoja alikuwa amekwisha mwambia njiani kwamba Baba alikuwa amekaa mlangoni. "Nani aliacha kopo vile?" akauliza. "Nani?" Akanigeukia mimi. Nilifungua mdomo. Kabla sijasema, Kambo akajibu kutoka nyuma ya pazia.

"Ni mimi. Nililipiga na mguu nikaingia, nikaliinua vibaya. Mimi macho haionake tena."

Nikafunga mdomo. Nilimwacha aubebe na mzigo huo pia.

Baba hakulala nyumbani tena wakati ule. Alikwenda kulala kwenye nyumba za makapera. Na Kambo hakukubali kusihiwa. Mama alimwomba kwa machozi, maana mtoto alikuwa bado mdogo na yeye mwenyewe mgongo haujapona. Kambo alisema atakuja tena mtoto akianza kukaa. Nilimbebea kikapu hadi stesheni. Treni ilichelewa, nikaenda bombani, nikamletea maji. Sikuwa na chombo kingine isipokuwa kopo lile. Nilikuwa nimelibeba mkononi tangu nyumbani bila kujijua.

Alilitazama, akalipokea. Akanywa. Sikuwa nimewahi kumwona akinywa maji mpaka mwisho. Koo lake lilipanda na kushuka, maji yakamchuruzika kidevuni, akashusha pumzi.

"Yangine, mume wangu," akasema.

Nikakimbia kumletea mengine. Akayanywa nayo yote.

Baba alituma mbuzi na kitambaa cheupe kijijini, ndivyo aibu ya namna ile inavyooshwa. Vilipokelewa. Kambo hakuja. Mama alilea peke yake, akaanza kubeba ndoo za maji kabla ya wakati, na mgongo ule ulimsumbua mpaka uzee wake. Mwaka uliofuata, wakati wa kuvuna mahindi, tuliletewa habari kwamba Kambo amefariki. Dada yangu hakumjua kabisa. Yuko Lubumbashi, ana wajukuu, na mpaka leo anaamini bibi yetu alikuwa na macho mabovu.

Nilikuwa nimekwisha kuoa nilipomwuliza Mama kwa nini Kambo alikuwa ananipita bila kunisalimu. Sikumwambia lile jingine. Alishangaa kwamba sikuwahi kujua.

"Mutu akitokaka kabine hasalimie mutu," akasema. "Na ule anayemuona, anafanya sawa hamuone. Mutoto mudogo ndiye unaweza kumuambia asante, mwanangu. Weye alikuwa anakupita sawa mutu muzima. Alikuwa anakuheshimu."

Nilitoka nje nikasimama.

Baba alikufa bila mimi kusema. Mama naye. Kila mara niliona kesho ni siku nzuri zaidi ya kusema, mpaka watu wa kuambiwa wakaisha. Kosa la mtoto watu husamehe. Ule ukimya wa baadaye ulikuwa wa mtu mzima, na ni wangu.

Sasa nirudi kwenye vyoo vya kilima kile. Ilikuwa Jumamosi, katika miaka ile umeme ulipokuwa ukikatwa kwa zamu. Kulikuwa na sherehe ya kuzaliwa ya mtoto fulani, watoto wengi wa shule moja na wazazi wao. Umeme ukakatika, pampu ikanyamaza, zulia likaanza kukauka, na watu wote wakashuka kilimani kwa pamoja kuja vyooni, ko, ko, ko. Benchi lilijaa. Nilikuwa nasukuma maji ya sakafuni niliposikia sauti ya mtoto akizungumza Kiingereza, na katikati ya Kiingereza neno moja: "Kambo! Kambo, angalia viatu vyangu!"

Fagio likanisimama mkononi.

Aliyeitwa alikuwa mwanamke wa umri wangu. Amevaa kitenge na sweta, kilemba kichwani, amesimama karibu na mashine ya soda, uso ameuelekeza ukutani kana kwamba anasoma bei. Mikono yake miwili ilishika fundo la kitenge kiunoni. Alikuwa anayumba, mbele na nyuma. Hakuwa na mtoto mapajani.

Mwisho wa benchi, palepale kwenye mlango wa wanawake, alikaa mwanamume mwenye koti zuri, anatazama simu, miguu ameinyoosha kwenye njia. Sikujua kama ni mwanawe au nani, mpaka alipomwambia yule mtoto kwa Kiswahili cha kwetu, bila kuinua macho, "Muambie Kambo akae, kiti iko." Mwana angemwambia mama yake moja kwa moja. Anayepitishia maneno kwa mtoto ni mkwe.

Nomsa alichungulia kutoka upande wa wanawake. "Gogo!" akamwita yule mama, ndivyo Wazulu wanavyowaita bibi. "Njoo, nafasi ipo."

Yule mama akatabasamu, akatikisa kichwa. Alisogea hatua chache, akaliona benchi, akarudi kwenye soda zake.

"Mara ya ngapi hii namwita," Nomsa akaniambia. "Labda anataka soda."

Nilijua sina muda. Nilichukua ndoo yangu, ile ya maji machafu yenye dawa, nikaenda mpaka mwisho wa benchi nikajifanya nimejikwaa. Maji yote yakamwagika chini ya miguu ya watu, meupe, yananuka utoto wangu. Watu waliinua viatu wakapiga kelele.

"Eish, madala!" yule mwenye koti aliruka. "Viatu vyangu!"

"Samahani, bosi. Samahani sana. Nendeni kule upande wa kilima, hapa panateleza."

"Lakini si tumekuja kuteleza?" mtoto mmoja aliuliza, na wazazi wakacheka, na walipocheka wakakubali kuondoka. Walikwenda na watoto wao, mabegi yao, viatu vyao. Yule mkwe aliondoka wa mwisho, akifuta kiatu kwa karatasi. Niliweka kile kibao cha njano cha sakafu iliyolowa katikati ya njia ili asirudi. Kisha nikaichukua ndoo tupu nikaiweka chini pale njia inapoanzia, mdomo chini.

Neno lilinifika kwenye ulimi. Lilikuwa neno dogo, na yule mama angelielewa hata bila kujua lilikotoka: jua limetoka. Nikalimeza. Angejua kwamba mtu wa kwao yuko hapa na amemwona akihangaika. Nikageukia ukuta, nikaanza kusugua mahali palipokuwa safi.

Nilisikia ndara zake. Zilikwenda haraka.

"Hawu, madala!" Nomsa alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono kiunoni. "Nimekuona. Hukujikwaa. Unamwagia watu maji ya chooni siku ya sherehe? Una wazimu?"

"Nimekosa."

"Umekosa, umekosa! Mwenye mahali akiuliza nitamwambia nini? Hili ni onyo, lazima nimpelekee jina lako."

"Mpelekee, dada."

"Hata hujitetei?"

"Nimemwaga mimi," nikasema. "Ni mimi."

Alinitazama, akatikisa kichwa, akaenda kuleta ndoo nyingine. Bomba la kunawia lilifunguliwa ndani, likafungwa. Nikasimama wima kando ya njia, fagio mkononi. Yule mama akatoka. Mabega yake yalikuwa yameshuka, mikono yake imelegea. Macho yake yalitazama mbele. Alinipita kama nguzo.

Nilingoja mpaka alipopotea kwenye kona. Ndipo nikainama, nikaisimamisha ndoo.